Bibi Hajatuzoea

Jumatatu, 3 Machi

Leo amekuja mpiga picha. Kwa hiyo leo tulikuwa watu.

Siku nyingine wageni wakija chuoni, sisi wawili wa aproni za kijivu tunapelekwa stoo kupanga magunia ya unga. Magunia yenyewe yameshapangika zamani. Nimeyapanga mpaka yananijua kwa harufu. Lakini akija mtu wa kamera — mambo yanageuka. Tunavutwa mstari wa mbele, tunavalishwa aproni nyeupe za wenyeji, tunashikishwa mkate mmoja mkubwa kama wazazi walioshikishwa kichanga, tunaambiwa tucheke. Nimecheka. Nina meno mazuri, huo si uongo. Kuna daktari wa meno aliwahi kuita wenzake waje kuyatazama bure. Picha itawekwa kwenye kijitabu cha chuo, ili waombaji wa mwakani waone kwamba hapa dunia nzima inakanda donge moja kwa upendo.

Kamera ilipofungwa tu, Fundi Mkuu akasema aproni zirudi haraka, tusizichafue.

Nimerudisha yangu. Nimeifutia mikono kwanza, mbele na nyuma. Na pua kidogo.

Mama amepiga simu jioni. Wanakuheshimu huko, baba? Nikamwambia wananiheshimu mpaka naona haya, nikiingia chumbani wote wanasimama. Si uongo. Wanasimama, wanatoka, ili mimi nifagie.

Jumatano, 5 Machi

Niandike habari za Bibi, maana nikizeeka nitadhani niliota.

Bibi ni chachu. Unga na maji vilivyochacha, basi. Vimekaa kwenye mtungi wa udongo katika chumba baridi, vimefunikwa kitambaa cheupe kinachofuliwa peke yake. Wanasema alianzishwa na babu yake Fundi Mkuu, mwokaji wa kwanza wa hapa, na kila mkate uliotoka katika tanuri hili umeumuliwa na yeye. Asubuhi anachotwa nusu, nusu inayobaki inalishwa unga mpya na maji ya vuguvugu, naye anafura, anatoa mapovu na harufu kama ya tunda lililosahauliwa mfukoni. Mimi ni mtu niliyezunguka. Nimekuwa utingo, nimeuza viatu vya mitumba, nimepika melini kwa muda mfupi uliokwisha vibaya. Lakini sijapata kuona unga wenye cheo namna hii. Mkaguzi akija anaonyeshwa Bibi kabla ya kuonyeshwa choo.

Sisi hatumgusi. Siku zangu za mwanzo nilinyoosha mkono nimlishe, kama wenzangu walivyokuwa wanajifunza kumlisha. Fundi Mkuu akanishika kiwiko. Kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulioniuma. Akasema, "Acha, wewe wa Kule. Bibi hajawazoea."

Unga! Unga una uraia, mimi sina.

Ndiyo maana jina langu hapa ni Wa Kule. Wa Kule, bati. Wa Kule, sukuma trei. Kule wapi, hakuna aliyewahi kuuliza.

Anayemlisha Bibi ni Mpwa. Ni mtoto wa dada yake Fundi Mkuu, kijana mrefu, mvivu, nywele zimepakwa mafuta kama bati linalosubiri mkate. Yeye anachota, yeye analisha. Ile nusu iliyochotwa na kubaki bila kazi tunakabidhiwa sisi tukaitupe. Kwenye kutupwa, Bibi ametuzoea vizuri tu.

Basi sikutupa yote. Siku moja nilibakiza kijiko, nikakitia kwenye chupa ya jemu. Iko chini ya kitanda changu hosteli, nimeivalisha soksi ya sufu. Namwita Mjukuu. Namlisha unga wa dukani, maji ya bomba na matusi ya kwetu. Anafura kuliko bibi yake.

Anayejua ni mmoja tu, Dada Taratibu, mwenzangu wa kijivu. Naye ni wa kule, ingawa kule kwake na kule kwangu hata mawingu hayakutani. Nimembatiza hivyo kwa sababu hana haraka. Akikanda donge utadhani analibembeleza lilale. Binti yake amemwacha kwa mama yake. Akimaliza hapa atajenga tanuri uani kwao. Ameshalichora, mpaka mlango, mpaka pembe atakapolala paka. Ananiita mdogo wangu.

Jumapili natuokea mkate wa Mjukuu kwenye oveni ya jikoni la hosteli. Tunakula tumekaa. Chuoni, saa ya chai, viti ni vya aproni nyeupe. Sisi tunakunywa tumesimama karibu na tanuri, kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeona kitu.

Jumamosi ijayo wanakuja wakaguzi wa chama cha waokaji. Wanakuja kuonja mkate wa Bibi. Wakiupenda, bendera ya chama inabaki getini. Wasipoupenda inateremshwa, na chuo kinakuwa darasa la mapishi kama darasa jingine lolote. Fundi Mkuu amekuwa akimhimiza mpwa wake tangu Jumatatu: mnenepeshe Bibi, mnenepeshe Bibi.

Mpwa hakumnenepesha mtu. Leo kaja kachelewa, macho mekundu, shati limefungwa vifungo kombo. Kafunua kitambaa, kamkuta Bibi amelala, hana povu hata moja. Kasikia viatu vya mjomba wake ukumbini. Kaona aharakishe. Akachukua birika la chai, lilelile lililotoka kuchemka, akammiminia.

Mimi nilikuwa kwenye karo, nasugua bati. Nilimwona vizuri. Na harufu ikanijia: uji. Uji wa mgonjwa.

Ningeweza kusema. Neno lilishafika kwenye meno, haya meno mazuri. Halafu kiwiko kikawasha, palepale aliponishika yule mzee. Nikajisemea, mimi si wa huku, Bibi hajanizoea, wacha wamalizane na wanaojuana. Nikaendelea kusugua. Nimesugua bati lile mpaka nikajiona ndani yake, na niliyemwona alikuwa anacheka.

Mpwa akakoroga, akafunika, akaondoka anapiga mluzi. Fundi Mkuu akaingia, akagusa kitambaa kwa kidole kama anavyofanya kila siku, akapita. Wikiendi njema, Bibi.

Jumapili, 9 Machi

Sijapata usingizi mtamu namna hii tangu nifike nchi hii. Nimelala kama mtu aliyeshinda kesi.

Nimemsimulia Dada Taratibu tukiwa tunakula. Alikuwa anacheka kitu kingine, akaacha.

"Umeona, ukanyamaza?"

"Ningesema mimi kama nani? Mheshimiwa wa bati?"

"Wewe? Wewe unasema hata kwenye maziko ya watu usiowajua."

"Wacha wapate, dada. Wametukanda muda mrefu. Na wao wakandwe kidogo."

Akamega kipande, akakitazama matundu yake ndani, kama fundi saa. Akasema nisimdhanie yeye malaika, kuna siku alimtilia Mpwa chumvi kwenye kahawa akafurahi wiki nzima. Lakini Bibi hana kosa lolote. Na yule mzee hili litamuua.

"Hafi. Watu wale hawafi, wanastaafu."

Akacheka. Hapo hapo akanikatiza. Akasema nimpe mzee kipande cha Mjukuu kesho asubuhi na mapema, kabla hawajaanza kutafuta mwenye kosa. Maana sote tunajua wataanza kutafuta upande gani wa karo.

Nikamwambia hapana. Wataomba. Nataka wapande ngazi za hosteli hii inayonuka soksi, wabishe hodi, wakae kwenye kitanda changu kinachowika kama jogoo, waseme tafadhali. Nataka Mpwa avae kijivu asugue bati hadi kucha zilainike. Na siye tukae kwenye viti, tunywe chai, tumwambie hapo kwenye pembe hujafika vizuri, kijana.

"Unaota, mdogo wangu."

"Naota. Lakini unaona ndoto yenyewe ilivyopangika."

Jumatatu, 10 Machi

Imeanza.

Nilitaka kuiona sura ya Fundi Mkuu akifunua mtungi. Nimeiona. Amechovya kidole, akanusa, akaonja. Akachovya tena mpaka kiganja. Halafu akaukumbatia mtungi, akaweka sikio juu yake, akabaki vile amepinda mgongo. Mzee mzima na unga kwenye sikio.

Mwanzo ilikuwa tamu. Haikuwa tamu muda mrefu kama nilivyopanga. Nikajilazimisha. Nikamkumbuka mlinzi wa getini anayenidai kitambulisho kila asubuhi, ilhali tulibadilisha tairi lake pamoja kwenye mvua. Nikamkumbuka yule mama wa kwenye basi aliyehamisha mkoba wake kutoka goti la upande wangu kwenda goti la kule, mara tu nilipokaa. Utamu ukarudi. Mchache, lakini ukarudi.

Kisha Fundi Mkuu akatuita. Sisi wa kijivu tu. Akasema mtungi umeingizwa maji ya moto, na katika jiko hili wanaoosha vyombo kwa maji ya moto ni akina nani? Hakugomba. Afadhali angegomba. Akasema anampa nafasi aliyefanya aseme mwenyewe. Asiposema, wakaguzi wakishaondoka Jumamosi, mmoja wetu atatolewa chuoni. Ukitolewa chuoni, kibali cha kukaa nchini nacho kimekufa, unafunga begi.

Mmoja wetu. Na sisi tuko wawili.

Nikamuuliza, "Mzee, na mpwa wako umemuuliza?"

Akanitazama kana kwamba bati limeongea. Akasema yule ni damu ya nyumba hii.

Damu ya nyumba hii ilikuwa imesimama nyuma yake, mikono mfukoni, inatazama viatu.

Dada Taratibu akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa na unga mikononi, akaificha mgongoni kama mtoto aliyeulizwa nani kala sukari. Tulipotoka nikamwambia usiogope, huyu hawezi kututoa bila ushahidi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, tangu lini walihitaji.

Jumanne, 11 Machi

Wamejaribu kumfufua. Wamempa asali. Wamemvalisha blanketi. Nasikia Fundi Mkuu amemwimbia. Hakuna kitu, uji ni uji.

Mjukuu leo kafura mpaka kasukuma mfuniko. Nimemwambia atulie, siku yake inakuja.

Jumatano, 12 Machi

Imekuja mapema.

Saa ya chai Dada Taratibu alikuwa na kipande cha mkate wetu wa Jumapili kwenye mfuko wa aproni. Akakitoa, akala pembeni ya tanuri. Mpwa akapita. Huyu kijana hana adabu ya kuomba — akamega, akatia mdomoni, akaenda. Hatua chache akasimama. Akageuka, akamtazama dada, kisha akanitazama mimi. Nikajua hapa pameharibika. Mvivu ni mvivu, lakini mkate wa Bibi ameula tangu hana meno.

Akanifuata stoo.

"Ule mkate mmeutoa wapi?"

"Kwenye oveni."

"Usinichezee, Wa Kule. Ile ni ladha ya Bibi."

"Bibi alifariki Ijumaa, mzee mwenzangu. Mimi nilikuwepo. Nililiona na birika."

Akakaa kwenye gunia ghafla. Nikasubiri. Niseme ukweli, ilikuwa raha, nilitamani Mama awe ananiona. Akaanza kubembeleza. Nimpe hiyo chachu. Atamwambia mjomba kwamba alikuwa amebakiza kidogo nyumbani, mambo yatakwisha, hakuna atakayetolewa. Nisipompa, atasema nimeiba chachu ya chuo, na hapo natoka mimi bila maswali.

Alibembeleza na kutishia kwa pumzi moja. Kipaji hicho.

Nikamwambia sawa, lakini kwetu kitu kikubwa hakiombwi hivihivi. Nikamfundisha neno. Shikamoo. Akauliza maana yake nini. Nikamwambia ni namna ya kusema nipe. Akalisema. Akalirudia vizuri zaidi. Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nikavua aproni yangu ya kijivu, nikamvalisha, nikamfunga kamba mwenyewe kwa mahaba, nikampeleka kwenye karo. Akasugua bati. Mimi nikavuta kiti. Kiti cha wenyeji. Kina mto, kumbe. Muda wote huu wanakalia mito.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema. Nilishakata shauri moyoni: kesho nampa Mjukuu, mzee apone, yaishe. Mimi hasira zangu ni za moto wa karatasi, walionilea wanajua.

Lakini Fundi Mkuu akaingia.

Mpwa akaivua ile aproni akanirushia usoni. Usoni, imelowa, na mafuta ya bati. Akamwambia mjomba wake, huyu kichwa chake kigumu, mpaka nimwonyeshe mwenyewe namna ya kusugua, na ona, amekalia na kiti chetu. Wenzake wa aproni nyeupe wakacheka. Fundi Mkuu hakucheka. Akaniashiria kwa kidevu, inuka. Akakichukua kile kiti, akakifuta mto kwa mkono, akakirudisha kwenye mstari.

Alikifuta mto.

Alhamisi, 13 Machi

Sawa. Sasa watanijua.

Nimemgawa Mjukuu. Nusu nimemrudisha kwenye soksi yake. Nusu nimeimwagia maji yanayochemka, kama alivyomwagiwa bibi yake, haki sawa. Ikawa uji. Kesho asubuhi, kabla tu ya kumkabidhi Mpwa kama tulivyokubaliana, nitaitia siki, na soda ya kuokea kijiko. Itafoka kama ina mashetani. Itanuka uchachu. Mtu asiyejua ataona mapovu, atasema huyu kapona, na ndani hamna uhai hata wa kuumua andazi.

Na Mpwa hatagundua, maana mjomba wake kesho asubuhi anakwenda ofisi za chama kuomba siku zisogezwe. Kijana anataka akirudi akute donge limeshakandwa, liko kwenye hodhi la kukandia, ajidai kwamba yeye ndiye aliyeokoa nyumba. Basi akajidai. Jioni donge litakuwa limelala kama jiwe, Jumamosi wakaguzi wataonja jiwe, na damu ya nyumba hii itajieleza.

Nimeipanga vizuri mpaka nimejipigia makofi. Mtu anasema elimu sina. Kidato cha pili nilikiacha mwenyewe, na hii hesabu nani amenifundisha?

Sijamwambia Dada Taratibu. Angenitazama tu, na mimi sina dawa ya kutazamwa.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi. Nimempa nyuma ya geti. Nimekoroga nikiwa nimempa mgongo mlinzi, ikafoka vizuri. Mpwa kaikumbatia chupa akakimbia nayo. Hakusema asante. Afadhali, asante ingenitia huruma.

Tena, alasiri. Niko stoo. Naandika juu ya gunia, mwandiko mbaya.

Mambo yamekwenda kombo.

Mpwa hakukanda mwenyewe. Mimi mpumbavu, ningejua, mtu yule hajawahi kukanda kitu kinachozidi uso wake. Alimimina ile chupa kwenye hodhi kubwa, akamwita Dada Taratibu, akamwambia kanda, wewe una mikono mizuri. Mara ya kwanza amemsifu mtu wa kijivu. Dada akakanda. Donge lote la wakaguzi, peke yake, taratibu kama kawaida yake, tena anaimba. Alifurahi. Aliniambia kwa macho: umeona, wamenikabidhi.

Nilikuwa kwenye karo. Nikageukia bati, nikasugua.

Mchana nikasema naumwa tumbo, nikakimbia hosteli, nikamchukua Mjukuu — yule mzima. Anakwaruza mfuniko, ana njaa. Niliwaza nitapenya, nimchanganye kwenye donge kimyakimya, bado muda upo, likianza sasa litafura mpaka asubuhi. Lakini nimefika nikamkuta Fundi Mkuu amesharudi, amekaa kwenye kigoda mbele ya hodhi kama anayemlinda mgonjwa. Mpwa ameshampa habari njema. Mzee alikuwa anacheka peke yake. Ana pengo, kumbe, sijawahi kumwona akicheka. Akaniona, akasema kuna mtu wa chama anakuja kukagua mazingira, Wa Kule nenda stoo ukapange magunia. Dada akaambiwa abaki, kwa sababu ya donge.

Kwa hiyo niko hapa. Chupa iko katikati ya magoti. Mtu wa chama alikuja, akazunguka, akaondoka. Hakuna aliyekumbuka kuniita. Mlango wa stoo una ufa, naona kipande cha hodhi, mguu wa mzee, na mikono ya dada.

Mzee amebonyeza donge kwa kidole. Shimo limebaki shimo. Amesubiri. Amebonyeza tena. Sasa ana mashimo kama ya mtu anayepanda mahindi, na hakuna linalojifunga.

Amemuuliza Mpwa. Mpwa anasema yeye alimtoa Bibi mzima, anafoka, kila mtu alimwona. Ni kweli, kila mtu alimwona. Anasema labda aulizwe aliyekanda, mikono yake ilitoka kwenye sabuni. Na kwamba hata ile Ijumaa, ukifikiri vizuri, nani alikuwa karibu na mtungi?

Mwongo huyu. Nimenyanyuka. Nimekaa.

Mzee anamuuliza dada: umefanya nini?

"Nimekanda nilichopewa, mzee."

Dada ametia donge kidogo kwenye ulimi. Nimemwona. Akatulia. Siki. Soda. Dada Taratibu hawezi kukosea ladha, ana ulimi kuliko wao wote. Akageuza kichwa taratibu, akatazama mlango wa stoo. Ufa wenyewe. Hanioni, lakini ameniona.

Sasa atasema. Akisema ni haki yake. Ana mtoto, ana tanuri lililochorwa mpaka pembe ya paka.

Hajasema.

Mzee amerudia: umefanya nini? Dada anatazama mikono yake. Anasugua kidole kwa kidole, donge linamnata. Mpwa anasema, mjomba, kunyamaza ndiyo jibu lenyewe.

Nikitoka na chupa hii mkononi, mimi ndiye mwizi wa chachu na ndiye mwenye siki. Nafunga begi mimi. Na Mjukuu atawapa bendera yao, wataila Jumamosi na siagi, na Mpwa atabaki na aproni yake nyeupe na mto wake. Kisasi gani hiki, mimi nimekipika, mimi nakula? Na Mama nitamwambia walisimama wote nilipokuwa natoka.

Nisipotoka, nabaki peke yangu wa kijivu. Bati zote zangu.

Mzee amesema basi, mama, kafungashe. Amemwita mama. Kwa upole uleule.

Dada anafungua kamba za aproni. Hana haraka. Ameikunja mara mbili, ameiweka pembeni ya hodhi. Ameomba kitu kimoja tu, anawe mikono kwanza.

Amefungua bomba. Lile donge langu ni gumu kutoka, lina soda yangu. Anasugua kidole kimoja kimoja. Mwanamke huyu hajui kuharakisha na leo namshukuru Mungu kwa hilo. Maji bado yanakwenda. Nina muda wa maji hayo.

Nimesimama. Mfuniko umekaza, Mjukuu ameusukuma ukakwama. Chupa nimeibana kwapani, naandika vibaya, bomba linapungua, nimeshika kitasa na